Vibao vya Kwenda Gatini

…na nani huyu aliyeliacha bamba dirishani, jua la mji huu wa Mackay likalipiga mpaka utando wa plastiki wa kulikinga ukagandamana na chuma kama maziwa yaliyoungulia sufuriani, bila shaka ni mtu ambaye hajawahi kusugua sufuria maishani mwake, na Noelene Bugeja anakwaruza pembe ya bamba kwa ukucha, anapata pa kushika, anavuta, utando unakuja kipande cha ukubwa wa stempu kisha unakatika, anaanza tena, hana haraka, haraka ya nini, kung'oa utando ndiyo kazi ya mtu anayetaka kusikia yanayosemwa upande wa pili wa ukuta wa mbao bila kuonekana kwamba anasikiliza, na upande wa pili wako watatu kwenye kaunta ya karakana hii ya kuchonga vibao, Des Attard, msimamizi wa matengenezo kule gatini zinakopakia meli za sukari, na Petra, na Jacinta, Jacinta wake, kitinda mimba wake, miaka kumi na tisa, anamwona kupitia mlango ulioachwa wazi, amesimama kama Petra anavyosimama, uzito wote kwenye mguu mmoja na mikono kwenye mifuko ya nyuma ya suruali, tangu lini mtoto huyu anasimama hivyo, alikuwa akisimama kama Noelene, mikono kifuani, mgongo ukutani, kila mtu alikuwa akisema, jamani mama na binti, mmechongwa kwa mashine moja… "Haya, mabinti," Des anasema, "mimi si mtu wa maneno mengi," na huo ni uongo, Des ana maneno kuliko redio, "nataka kibao kitakachokaa juu ya valvu mpaka nizikwe. Vile vya alumini tulivyouziwa na wale wengine chumvi imekula herufi zote, unaona doa jeupe tu. Mwezi uliopita kijana wangu mmoja kafunga maji ya zimamoto, yeye anadhani amefunga ya kunawia mikono." "Akanawa?" Petra anauliza. "Akanawa mpaka kwapani! Gati lingeungua, yeye angeungua akiwa msafi," na wanacheka wote watatu, na kicheko cha Jacinta kinaanzia puani, kifupi, halafu kinafunguka, na hicho si kicheko chake, hicho ni cha Petra, amekichukua kama anavyochukua kila kitu cha Petra, kitambaa cha kufungia nywele, kahawa nyeusi isiyo na sukari, yeye aliyekuwa akila sukari kwa kijiko akijificha nyuma ya jokofu.

Utando unakatika tena. Anapuliza kucha zake. Hana chuki na Petra, mtu asije akasema ana chuki, Petra ni fundi, mikono yake imetulia, alipokuja kutoka Newcastle kabla ya mvua za mwaka jana mwenye karakana alisema, Noelene, huyu atakupunguzia mzigo, naye akashukuru, kwa moyo kabisa akashukuru, kwa sababu Ray mumewe yuko mgodini Moranbah na akirudi anarudi kulala, na wavulana wamemfuata baba yao huko huko, na nguo za mgodini haziishi kwenye mashine, ukitoa hizi zinaingia zile, maji yanatoka meusi kama wino… alishukuru, na Petra akampunguzia mzigo kweli, akaanza na mashine kubwa ya kuchonga, akaenda kwenye wateja wa bandarini, akamaliza kwa Jacinta. Mkate wa nyama ya kondoo, ndiyo, Jumanne ile, aliamka giza bado halijatoka, akakata nyama iliyobaki, akapaka haradali na zile achari za njano anazozipenda tangu yuko chekechea, akafunga vizuri, na saa ya chakula akaukuta mkate kwenye jokofu umefungwa vile vile, na Jacinta yuko nje kwenye ngazi na Petra wanakula kutoka bakuli moja, bitiruti, vile viazi vyekundu vya kutia doa, na jibini ya kubomoka, kwa uma mbili, midomo yao myekundu wote wawili kama watoto walioiba jamu, na Noelene aliula ule mkate yeye mwenyewe, akiwa amesimama, wote, mpaka maganda, si kwa njaa… "Lakini hivi vyote si chuma cha pua, kile kisichoshika kutu?" Des anauliza, na anasikika akigonga vibao viwili juu ya kaunta, ting, ting. "Vyote vinang'aa. Hiki rahisi, hiki ghali. Nikimpelekea bosi wangu cha ghali atauliza, Des, wewe umeoa kwenye ile karakana?" "Hakuna wa kuolewa na wewe humu, mzee," Petra anasema, "muulize Jaci, kazi hii ni yake."

Kazi hii ni yake. Hivyo ndivyo anavyofanya, anaunyoosha mkono wake wazi kuelekea kwa mtoto kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, na mtoto anapita, na Noelene aliwahi kumfundisha huyu mtoto, mtu asiseme hakumfundisha, alikuwa na miaka kumi na mitano, likizo ya Krismasi, akamketisha kwenye mashine ya kuchonga, akashika mikono yake kwa mikono yake, hivi, taratibu, usikandamize, acha ncha ijipeleke, na Jacinta akasema, Mama, inachosha, halafu mikono yako inanuka vitunguu, basi, ilinuka vitunguu, sasa ilitakiwa inuke nini, maua, alitoka kupika chakula cha watu watano kabla ya kuja kazini, akaiondoa mikono yake akasema haya nenda kaogelee, akaenda, na miaka mitatu baadaye anakuja mwanamke mwenye mikono isiyonuka kitu, ambaye Jumamosi analala mpaka saa nne, hashiki mkono wa mtu, anasimama nyuma hatua mbili anasema, wewe unaonaje? Tu. Wewe unaonaje. Na mtoto aliyekuwa akichoka sasa anakuja karakana kabla ya mama yake, anabaki baada ya mama yake, na pale juu ya sinki la kuoshea vikombe, kwenye ukuta wa vibao, ambapo kila aliyejifunza kazi hapa anachonga jina lake kwenye kipande kilichobaki na aliyemfundisha ndiye anayekipigilia skrubu, hiyo ndiyo desturi, mwanafunzi anachonga na mwalimu anapigilia, pana kibao kipya, kimeandikwa J. BUGEJA, na Noelene alikuwa ameiweka akilini siku hiyo tangu mtoto yuko tumboni, hata bisibisi alijua atatumia ipi, na alipoingia asubuhi ile kuosha kikombe akakikuta kiko juu, skrubu nne, vichwa vyote vimelala upande mmoja, kazi safi, kazi ya Petra, na Petra akasema, tulikusubiri jana lakini ulikuwa umeshaondoka, na ni kweli alikuwa ameondoka, ilikuwa zamu yake kumpeleka mama mkwe kwa daktari wa macho… uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema watu, lakini hawasemi mzazi aufanyeje uchungu huo mwana akikaa mbele yake mzima, mwenye afya, anacheka, na kicheko si chake.

"Mzee, sikiliza," Jacinta anasema, na sauti inatetemeka kidogo, Noelene peke yake ndiye anayeusikia mtetemo ule, Petra hawezi kuusikia, Petra hakukesha na sauti ile ikiwa na kifaduro, "hiki cha rahisi ni daraja la tatu-sufuri-nne, hiki cha ghali ni tatu-moja-sita. Ukiviweka jikoni kwako hutaona tofauti mpaka ufe. Huko gatini, msimu mmoja tu, hiki cha rahisi kitaanza madoa. Si kutu ya kula, ni madoa, rangi ya chai." "Chai ya maziwa au ya rangi?" "Ya rangi. Kama anayopika mama yangu, kijiko kinasimama wima." Wanacheka. Haya, chekeni. Chai ile imekusomesha. Des, yeye anakunywa chai ile kila akija hapa na kuomba kikombe cha pili, angalau angenyamaza, lakini hapana, naye anacheka, "Nimeinywa hiyo, nusura ining'oe meno," basi siku nyingine atapewa maji ya bomba… na ni yeye Noelene anayejua madoa ya rangi ya chai, aliyajua kabla Petra hajajua kushika tupa, aliona vibao vya kiwanda kizima cha sukari vikirudi na sura ya meno ya mvuta sigara kwa sababu mtu aliona chuma cha pua ni chuma cha pua, chochote kinachong'aa, na anajua jingine ambalo hao watatu hawalijui sasa hivi, wamelizunguka kwa viwiko vyao na hawalioni, na hilo ndilo linalomfanya ang'oe utando huu polepole hivi, jasho linamtoka mgongoni ingawa feni iko juu yake.

Jiwe. Asubuhi, kabla ya Des kuja, Jacinta alikuwa kwenye meza ya mwisho analainisha kingo za vile vibao viwili, vya kwanza kuvifanya peke yake tangu kukata mpaka kuchonga, Petra yuko kwenye simu nje, na hapa kila jiwe la mashine ya kusagia chuma lina rangi yake, la buluu kwa chuma cha pua, jekundu kwa chuma cheusi, kile cha kawaida kinachoshika kutu, na hayachanganywi, mtoto wa miaka mitano anaweza kulielewa hilo, kwa sababu jiwe lililosaga chuma cheusi limebeba vumbi lake, ukilipeleka kwenye chuma cha pua linalichomeka vumbi lile ndani ya ngozi yake, huoni kitu, kinang'aa, kizuri, unampa mteja, na baada ya siku chache za hewa ya chumvi kinatoka vidoa vyekundu kote kandokando kama mtoto mwenye surua, na hapo mteja hasemi jiwe, hasemi vumbi, anasema chuma chenu ni bandia. Jiwe la buluu lilikuwa limekwisha, liko kwenye pipa, na Jacinta aliangalia huku na huku, akachukua jekundu. Noelene alimwona. Alikuwa karibu kama kutoka hapa mpaka kwenye ule mtungi wa gesi. Mdomo ulifunguka, neno lilikuwa tayari, Jaci, halafu cheche zikaruka na neno likarudi lilikotoka, na kilicholirudisha ni kitu kimoja tu, safi, baridi, kama maji ya kisima, kilisema: mwache mwalimu wake aone. Si ana mwalimu. Mwalimu alikuwa anacheka kwenye simu. Na Noelene akageuka akaenda kuhesabu ribiti ambazo hazikuhitaji kuhesabiwa.

Kwa sababu ni Gladstone, tuseme ukweli, ni Gladstone, isingekuwa Gladstone angesema. Alhamisi, ndani ya gari, wamesimama kusubiri treni ya miwa ipite, mabehewa yale marefu yasiyo na mwisho, na Jacinta akasema akiangalia mabehewa, Petra anafungua karakana yake Gladstone mwezi wa kwanza. Noelene akasema, aa, vizuri. Ameniomba niende naye, Mama, nijifunzie huko, nichukue cheti changu huko. Mabehewa yanapita. Umemjibu nini? Sijamjibu, nitamjibu kazi ya Des ikienda vizuri, nataka kujua kama naweza kweli au najidanganya, nikiharibu basi, nabaki tu. Nabaki tu, alivyolisema, kama mtu anayesema nitakula makombo, na Noelene akasema treni leo ni ndefu, hayo ndiyo maneno aliyoyapata, mwanamke mzima, treni leo ni ndefu, na usiku akamwambia Ray kwenye simu na Ray akasema, Gladstone si mwezini, mpenzi, ni saa chache tu kwa gari, na akapiga miayo… "Sawa," Des anasema, "nimekuelewa, binti. Basi tufanye hivi. Nje, kunakonyesha mvua, niwekee cha ghali. Ndani, chini ya paa, kule kwenye mikanda ya kupakilia, niwekee cha rahisi. Bosi anafurahi, wewe unafurahi, mimi nakwenda kula pai." Na hapo Noelene anaacha kukwaruza, kidole kimesimama juu ya bamba, kwa sababu huo ndio mtego wenyewe, kila mtu anaingia humo, yeye mwenyewe aliingia, mtu yeyote mwenye akili timamu anafikiri mvua ndiyo adui, na anamtazama Petra, na Petra amefungua mdomo kisha ameufunga, ameinua nyusi kumwelekea Jacinta, wewe unaonaje, na Jacinta kimya, kimya kirefu, na Noelene, Mungu amsamehe, yuko kwenye kimya kile na tumaini kama mtu aliyeshika tiketi ya bahati nasibu, kosea, kosea mwenyewe kwa mdomo wako, basi mimi nitakuwa sina deni…

"Kinyume chake," Jacinta anasema. "Nini?" "Kinyume, mzee. Chini ya paa ndiko kubaya zaidi. Upepo wa bahari unaleta chumvi kote, nje na ndani, lakini nje mvua inaiosha, chini ya paa hakuna wa kuiosha, inakaa pale mwaka mzima inakula. Ukitaka kuokoa pesa ziokoe nje, lakini mimi nisingeokoa popote." Des ananyamaza. Kwa Des kunyamaza ni habari ya kutangazwa redioni. "Nani kakwambia hayo?" "Hakuna. Nilikwenda kwenye bandari ya boti Jumapili nikaangalia vyuma vya mikono kwenye ngazi. Vya juani na mvuani, safi. Vile vilivyo chini ya daraja la kupandia, vimejaa madoa, na ni chuma kile kile, ngazi ile ile. Nikakaa pale mpaka nikaelewa." "Hilo hata mimi hukuniambia," Petra anasema, "nilikuwa nangoja nione utasemaje," na katika sauti ya Petra kuna kitu, Noelene anakijua kitu kile hata kabla hajakipa jina, kwa sababu anacho yeye pia, kimemkaa kooni tangu mvua za mwaka jana. Jumapili. Jumapili Noelene alichoma kuku na viazi na malenge, akaweka sahani tatu maana mama mkwe yupo, na kiti cha Jacinta kikabaki kitupu, na mama mkwe akauliza mtoto yuko wapi, akajibu, yuko kwa Petra, yuko wapi kwingine, na alipokuwa anaosha vyombo aliwaona kabisa akilini, wawili, barazani kwa Petra, miguu juu ya meza, wanamsema yeye na mikono yake ya vitunguu, alizisikia hata sauti zao, alisugua trei ya kuku mpaka sifongo ikafa, na kumbe siku nzima ile mtoto alikuwa peke yake, amechuchumaa chini ya daraja la boti, anaangalia chuma. Peke yake. Hakuna Petra pale. Hakuna mama pale. Hayo ya paa hakuyapata kwa Petra na hakuyapata kwake, aliyakuta yeye mwenyewe, kwa macho yake, na Noelene anaushika ule wivu aliokuwa ameuelekeza kwa Petra miezi yote hii, uliolala naye na kuamka naye, na anaona hauna pa kwenda, umebaki mkononi ukiwa moto, halafu unageuka, polepole, kama sindano ya dira, na unakokwenda kusimama siko alikotazamia.

Kwa sababu ni yeye anayemwonea wivu. Mtoto. Haya, limesemwa. Ni yule pale mwenye mikono mifukoni, aliyeulizwa na mwanamume mzima mwenye kofia ya kazi, nichukue chuma kipi, na akamjibu kinyume, na mwanamume akanyamaza. Nani aliwahi kumuuliza Noelene nichukue chuma kipi? Alijua, miaka yote alijua, alijua na kuinamisha kichwa na kuchonga alichoandikiwa, chonga hiki, chonga hiki, PAMPU YA PILI, TANKI LA MOLASI, HATARI, akaona chuma kibaya kikienda mahali pabaya, akasema kimoyomoyo kitarudi hicho, na kilirudi, akakichonga tena, hakuna aliyesimama hatua mbili nyuma yake akasema wewe unaonaje, baba yake alimleta hapa akamwambia mwenye karakana wa wakati ule, huyu ana mwandiko mzuri, basi, mwandiko mzuri, na hakwenda yeye kuchuchumaa chini ya daraja lolote siku ya Jumapili, Jumapili kulikuwa na kuku wa kuchoma, na Gladstone nayo, Gladstone, kumbe hakumwonea wivu Petra kwa kumchukua mtoto tu, alimwonea wivu mtoto kwa kuchukuliwa… anaona aibu, lakini hata aibu imechoka, hana nguvu ya kuona aibu nyingi siku ya kazi. "Na mistari hii ya msasa," Jacinta anasema, mtetemo umekwisha sasa, "kawaida inalala kufuata herufi. Vyako nimeisimamisha, toka juu kwenda chini, ili maji yakipita yasikwame. Pitisha kidole. Unaona? Na ni laini zaidi ya kawaida, chumvi haina pa kushika." "Laini kama shavu la mama mkwe," Des anasema. "Unamshika mama mkwe shavu?" "Akiwa amelala tu." Kicheko. "Basi, nimeshindwa. Andika tatu-moja-sita, zote, ndani na nje, bosi nitapambana naye mwenyewe. Na hivi viwili nipe nikavifunge leo leo, nivitazame mpaka mwisho wa mwezi, vikikaa hivi, oda ni yenu."

Hivi viwili. Vile vya jiwe jekundu. Mpaka mwisho wa mwezi havitafika, wiki moja na upepo ule, na surua itatoka, kwanza kandokando, kisha kwenye pembe za herufi, na Des atavirudisha amevitia kwenye mfuko wa karatasi wa pai, avimwage hapa hapa kaunta, na yote aliyoyasema mtoto leo, mvua, paa, mistari, yatageuka maneno ya kitoto, na Petra atasema ni kosa langu, lazima atasema, na litakuwa kosa lake kwelikweli, na Jacinta atasema, nabaki tu. Atabaki. Noelene hahitaji kufanya kitu chochote. Ndiyo uzuri wake, hahitaji kusema uongo, hahitaji kuinua mkono, ang'oe utando tu, na mtoto atabaki nyumbani, chumba kile kile, saa ya chakula mkate wa kondoo, na anajua itakavyokuwa kwa sababu ilishawahi kuwa, mwaka ule walipomwacha nje ya timu ya mkoa ya netiboli, alikaa chini kwenye sakafu ya chumba cha kufulia mgongo kwenye mashine inayotikisika, hakutaka kuzungumza na rafiki hata mmoja, alitaka mama yake tu, na Noelene alimchana nywele jioni ile na jioni iliyofuata na iliyofuata, wiki nzima, na kila mtu alisema pole kwa wiki mbaya mliyokuwa nayo, naye akasema asante, na haikuwa mbaya. Ilikuwa wiki tamu kuliko zote za mwaka ule. Hilo hajamwambia padri wala Ray. Alimchana mtoto nywele akiomba ndani kwa ndani asipone haraka. Na sasa anaiona wiki ile ikimjia tena, inatembea kwa miguu yake yenyewe, haijaitwa, inangoja tu yeye anyamaze kwa muda wa mtu kutoka kaunta mpaka kwenye pikapu yake… na dawa ipo, hilo ndilo baya lake, dawa ipo palepale kwenye rafu ya chini, dawa ya asidi, unaipaka kandokando, unangoja, unaosha kwa maji mengi, vumbi lote linatoka, hata mteja akaenda kula pai yake akarudi atakuta tayari, kazi ndogo kuliko kuosha nguo za Ray, vibao vitakuwa safi, vitakaa gatini mpaka Des azikwe kama anavyotaka, na mwezi wa kwanza Jacinta ataingia kwenye gari la Petra na mito yake miwili na ile feni ndogo, na kadiri kibao kitakavyokuwa safi ndivyo atakavyokwenda mbali, na neno likitoka litatoka na jingine nyuma yake, kwa sababu Petra ataliuliza, si mjinga, atauliza, umejuaje lilikuwa jekundu, na umejua tangu saa ngapi.

Des anavaa kofia. Anasikika akisukuma vibao kwenye kaunta kuelekea kwake, chuma juu ya mbao, sauti laini, kweli vimelainishwa vizuri, mkono mzuri, mkono ule una subira ambayo yeye Noelene hakuwa nayo katika umri ule, na pembe ya utando imekatika tena chini ya ukucha na bamba bado limejifunika zaidi ya nusu, na anajiona akingojea kitu kimshike, huruma, au Mungu, au simu ilie, na hakuna kinachokuja, feni tu, na hewa ya joto inayonuka molasi kutoka kiwandani. "Jacinta!" Limetoka kali mno, limetoka kama la kumwita mtoto atoke barabarani. "Usimpe bado!" Vichwa vitatu vinageukia mlangoni, Des na vibao vyake mkononi, Petra na nyusi zake, na katikati uso ule wa mtoto, umekunjamana kwa hasira ya kuaibishwa na mama mbele ya watu. "Nini tena, Mama?" Na Noelene anafungua mdomo bila kujua aanzie wapi, kwenye jiwe au kwenye Gladstone, na anaanzia kwenye jiwe.